Mwalimu Bado

Hakuna neno lenye huruma kuliko "bado". Mkute mzee ambaye hata meno yamemhama, naye hajawahi kuoa, umuulize kama ameoa. Hatakujibu hapana. Atakujibu: bado. Muulize mama wa watu kama mwanawe aliyeondoka zamani amepiga simu. Atasema bado, na ataendelea kuosha vyombo vyake. Hapana inafunga mlango na komeo, lakini bado inauegesha tu. Watu wamezeeka juu ya neno hilo na wala hawakudhurika, na mimi si wa kuwalaumu.

Sasa kulikuwa na mwanamke mmoja aliyelichukua neno hilo akalifanya somo. Alikuwa akifundisha watu wanaotaka kuanzisha biashara zao wenyewe, katika ukumbi mdogo nyuma ya karakana ya seremala, mahali ambapo unaingia na nguo nyeusi unatoka nayo ya kijivu kwa vumbi la mbao. Somo lenyewe lilikuwa na jina refu, ubunifu na ustahimilivu, na sheria ya kwanza ya darasa ilikuwa hii: humu ndani hakuna kusema nimeshindwa, wala haiwezekani, wala hapana. Ukiulizwa jambo na jambo halijakaa sawa, sema bado. Aliyeteleza akatamka neno la marufuku alipigiwa kelele na darasa zima, "Badooo!", mpaka acheke mwenyewe. Aliyesema bado kwa moyo mkunjufu alipigiwa makofi. Ndiyo maana mtaani hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Aliitwa Mwalimu Bado, na jina hilo alilipenda sana.

Na kusema kweli, kufundisha alikuwa anajua. Tatizo lake ni kwamba alikuwa hatulii. Swali analiuliza yuko mlangoni, jibu analisikiliza yuko dirishani, na katikati amekwisha kufuta ubao. Mama Mikate, mwanafunzi mmoja mnene mwenye maneno yake, alisema somo la Mwalimu Bado linasomwa kwa shingo. Lakini watu walikuwa wanatoka pale wamewaka moto. Fundi Cherehani alianza kushona mikoba kwa vipande vya kitambaa alivyozoea kuvitupa. Kinyozi alianza kuwafuata wateja wazee majumbani mwao. Mama Mikate mwenyewe alibuni mkate wa viazi vitamu. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," Mwalimu aliwaambia kila Jumatatu, nao waliitikia kwa pamoja, "Si mwisho!"

Ila kati ya wanafunzi wake wote, aliyemkosesha usingizi alikuwa baba yake mzazi.

Mzee huyu aliendesha malori maisha yake yote. Akaendesha mpaka jicho moja likaingia ukungu, wakubwa wa kampuni wakampa mkono wa kwaheri, wakachukua funguo zao. Mkewe alikuwa amekwisha kutangulia mbele ya haki. Basi mzee akaweka kiti uani, akawa anakaa hapo kutwa akilitazama geti, kama anayengoja lifunguliwe apite na lori. Kulikuwa na siku nzima ambazo maneno yake yote yalikuwa mawili, "marahaba" asubuhi na "nimeshiba" jioni. Bintiye alikuwa akimuona hivyo anapotoka na anaporudi, na kila mara moyo ulimpiga paa. Baba alikuwa anazimika mbele ya macho yake, na yeye, bingwa wa kuwasha watu, hakuwa na kiberiti cha kumwasha huyu.

Mpaka siku moja mzee alinyoa ndevu, akavaa shati lake la safari, akamfuata ukumbini. Akakaa kiti cha nyuma.

"Na madereva mnaandikisha?" aliuliza.

Darasa likacheka, na Mwalimu akageukia ubao ili wasimuone machozi. Tangu siku hiyo mzee akawa mwanafunzi kama wengine, jina lake darasani Dereva, na hakutaka upendeleo wowote. Alimwita bintiye Mwalimu, akainua mkono kabla ya kusema, na alipoteleza akasema haiwezekani alipigiwa ile kelele ya badooo kama kila mtu.

Wazo lake la biashara lilikuwa friji. Friji lenyewe lilikuwa bovu, limetupwa nyuma ya karakana, lakini mlango wake ulikuwa bado unashika vizuri, na mzee akasema sanduku linaloweza kuzuia joto lisiingie linaweza pia kulizuia lisitoke. Atalifanya mashine ya kutotolesha vifaranga. Mtaa mzima ulikuwa na kuku wa kufugia uani, na kila mwenye kuku alikuwa na kilio kilekile: kuku anaatamia wiki moja, anachoka, anayaacha mayai anaenda kutafuta jogoo. Basi watu wamletee yeye mayai, yeye awarudishie vifaranga, abaki na wachache kama ujira wake. Darasa lilipiga makofi mpaka seremala akachungulia.

Alilipeleka friji nyumbani, kwenye banda dogo la uani, akalipaka rangi mpya. Akaweka balbu, maji kwenye sinia kwa ajili ya unyevu, kipimajoto kikaning'inia katikati, na matrei matatu, moja juu ya jingine. Majirani wakaleta mayai, kila mmoja amechora alama yake kwa penseli. Mama Jogoo wa nyumba ya pili, mwanamke mkali ambaye hata mbwa wa mtaa walimpisha, alileta mayai ya kuku wake mwekundu, kuku aliyemsifia kuliko alivyomsifia mkwe wake.

Na mzee akapata mdomo! Jioni mezani hakumpa mtu nafasi. Leo joto limepanda, leo limeshuka, leo ameyageuza mayai mara tatu, unajua kuku mwenyewe hugeuza kwa mdomo? Bintiye alikuwa anakula huku anamsikiliza, mguu mmoja ukitikisika chini ya meza, na moyoni alikuwa na hesabu moja tu. Vifaranga wakitoka, baba amerudi duniani. Wasipotoka, baba anarudi kwenye kile kiti, na safari hii hatainuka.

Siku ile mashine ilipowashwa, darasa zima lilikuwa limekuja kuitazama. Ni hapo lilipotokea jambo ambalo kila mtu aliliona na hakuna aliyelishika. Dereva alikuwa ameziweka balbu juu, pale ilipokuwa taa ya friji yenyewe, kwa sababu tundu la kupitishia waya lilikuwa tayari lipo. Watu wakasogea mmoja mmoja, wakachungulia, wakasifu. Fundi Cherehani, ambaye mikono yake imezoea kupapasa vitambaa, aliingiza mkono ndani. Aligusa trei la juu akaurudisha haraka. Akagusa la chini, akakunja uso. Akafungua mdomo, akaufunga, akaonekana anatafuta neno linaloruhusiwa.

"Trei la chini," alisema hatimaye, "bado halijapata joto."

Makofi! Na aliyepiga kwa nguvu kuliko wote alikuwa Mwalimu.

"Mmemsikia?" alisema akizunguka uani. "Hakusema halina joto. Amesema bado! Huyo ndiye mjasiriamali."

Fundi Cherehani akauchomoa mkono wake, akaufuta kwenye khanga, akarudi nyuma ya wenzake.

Wiki tatu ni ndefu kwa mtu asiyejua kukaa. Mwalimu alianza kuamka alfajiri na kusimama mlangoni mwa banda, akitega sikio. Ukumbini alisahau alichokuwa anaandika, akafuta ubao uliokuwa mtupu. Alikuwa amekwisha kuwaalika majirani wote waje Jumamosi kuchukua vifaranga wao, na wanafunzi wote waje kushuhudia, na sasa kila aliyekutana naye njiani alimkumbusha. Mayai yenyewe yalitakiwa kuanguliwa Jumatano.

Jumatano aliporudi alimkuta baba yake amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, sikio limebandikwa kwenye mlango wa friji.

"Vipi, Baba?"

"Bado," mzee alisema, na akatabasamu.

Na yeye akatabasamu. Kuku wenyewe huchelewa.

Alhamisi asubuhi, bado. Alhamisi mchana alitoroka kazini kuja kuuliza, bado. Mama Jogoo alipita na boksi lenye matobo aliyoyatoboa kwa uma, akaambiwa bado, akaenda zake akinung'unika. Usiku mzee hakuja kula. Bintiye alimpelekea sahani bandani, na asubuhi aliikuta ilivyokuwa, chakula kimeganda, na mzee yuko juu ya ndoo yake, jicho zima limekuwa jekundu. Kulikuwa na harufu kidogo. Aliamua ni harufu ya rangi.

Ijumaa alifundisha somo zima bila kukaa wala kusimama; alikuwa kati ya viwili hivyo. Somo lilipokwisha watu wakatoka, Fundi Cherehani akabaki akikunja mkoba wake na kuukunjua.

"Mwalimu, nina jambo. Ila sijui nilisemeje kwa maneno ya humu ndani."

"Wewe sema tu, dada."

"Yale mayai." Akameza mate. "Yale mayai, Mwalimu, ni bado sana."

"Bado sana ndiyo nini?"

"Ndiyo hivyo. Bado sana. Sana sana."

Mwalimu alimtazama. Alimshika mkono, akamvuta mpaka nje, akaufunga mlango wa ukumbi nyuma yao.

"Haya. Hatuko ndani tena. Sema."

"Yameviza," Fundi Cherehani alisema, na maneno yote yakamwagika kwa mkupuo. "Siku ile trei la juu lilikuwa linaunguza, na la chini lilikuwa baridi kama sakafu. Taa iko juu, na joto haliji chini, hata pasi inajua hivyo. Mayai yale yamekufa zamani, na mzee anayakalia, na mtaa mzima unasikia harufu, hakuna anayetaka kumwambia."

"Sasa kwa nini hukusema siku ileile?" Mwalimu alipandisha sauti. "Kwa nini uliniacha?"

"Nilisema. Nilisema kwa lugha yako, mkanipigia makofi."

Mwalimu alimwachia mkono. Alianza kwenda nyumbani, mwanzo kwa kutembea, kisha akajikuta anakimbia na viatu vyake vya kazi, watu wakimpisha. Njia nzima alikuwa anajitungia maneno. Mwambie polepole. Mwambie ni hatua. Mwambie ni uzoefu. Kila neno alilolishika lilikuwa ni bado iliyovaa koti. Alipofika kwenye geti alikuwa amekwisha kuyatupa yote, na woga haukumwacha, kwa sababu hesabu yake ilikuwa palepale. Wasipotoka, baba anarudi kwenye kiti.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, Mwalimu." Siku hizi hata nyumbani alimwita hivyo.

"Baba, tulifungue."

"Bado. Ukifungua unyevu unatoka, unawaua waliokaribia. Umesahau? Wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba mwenye papara ndiye anayeua biashara yake."

"Kuna harufu, Baba."

"Ya rangi."

"Hujala tangu jana. Hujalala."

"Nikiwa njiani nilikuwa silali siku mbili, na mzigo ulifika." Akaupapasa mlango wa friji kwa kiganja. "Na hata hivyo, kuku havunji yai lake."

"Wewe si kuku, Baba!"

Ilimtoka kwa sauti kubwa kuliko alivyotaka. Mzee aligeuka, akamtazama kwa lile jicho lake zima. Mwalimu alichutama mbele yake, na akalitafuta lile neno ambalo hakuwa amelitumia tangu aanze kufundisha. Lilikuwa zito kinywani.

"Hapana, Baba."

"Hapana nini?"

"Hayataanguliwa. Si leo, si kesho. Yamekufa."

Mzee alikiondoa kiganja chake mlangoni. Nje mtu alikuwa anapiga misumari, akaacha, akaanza tena. Kisha mzee akainuka, akishika kiuno, akaung'oa waya kwenye umeme, akafungua mlango wa friji mwenyewe. Harufu iliwapiga wote wawili usoni. Hakuna aliyesema ni rangi.

Waliyapasua moja moja kwenye beseni. Ya juu yalikuwa yameiva, magumu hata kiini. Ya chini yalikuwa uji mchafu, hayakuwahi kuanza. Ni katika trei la katikati, tena upande mmoja tu, walipomkuta kifaranga aliyekamilika, manyoya yamelowa, mdomo umegusa ganda kwa ndani. Mzee alimlaza kwenye kiganja.

"Huyu alifika," alisema. "Jamani, huyu alifika kabisa."

Akalia. Bintiye hakuwahi kumuona akilia, hata msibani kwa mama hakumuona, na hakujua aweke wapi mikono yake. Mzee alipomaliza alinawa, akatoka bandani, akaenda akakaa kwenye kile kiti cha uani, uso kwenye geti. Hakuitika alipoitwa kula. Mwalimu alizunguka nyumba nzima jioni ile, akifuta vitu vilivyokuwa safi, na kila alipopita dirishani alikiona kisogo cha baba yake hakijasogea. Alijichukia waziwazi. Angeweza kumwacha na bado yake.

Jumamosi watu walikuja mapema, majirani na maboksi na vikapu, wanafunzi na nguo za kutokea. Ua ukajaa. Mwalimu alikuwa amejiandaa kumsemea baba yake, na alikuwa na maneno mazuri kweli, awamu ya kwanza, mafunzo tuliyoyapata, safari inaendelea. Alikuwa anakohoa ili aanze, mzee akainuka kwenye kiti.

"Jamani," alisema, "nimeshindwa."

"Badooo!" darasa likapiga kelele, mazoea yana taabu, na watu wakaangua kicheko.

Mzee akangoja kicheko kiishe.

"Hapana, wanangu. Bado ni ya kitu kinachokuja. Hiki hakiji. Mayai yenu yamekufa, yote. Niliweka taa juu kwa sababu tundu la waya lilikuwa juu, nikajiambia joto litashuka lenyewe. Nimekaa miaka yangu yote nyuma ya injini inayochemka, najua joto linakwenda wapi. Nilijua, na nikaona uvivu wa kutoboa tundu jingine. Ndivyo ilivyokuwa. Naombeni radhi."

Mama Jogoo akapasua katikati ya watu na boksi lake.

"Mayai yangu? Ya yule mwekundu?"

"Ndiyo, mama."

"Na jana nimepita hapa ukaniambia bado! Na juzi!"

"Nilikudanganya."

"Ulinidanganya?"

"Ndiyo."

Mama Jogoo alifungua mdomo. Alikuwa amekuja na matusi ya kutosha kumjibu mtu anayejitetea, na huyu hakumpa pa kuyaweka.

"Sileti yai langu hapa tena," alisema mwishowe, "hata umfungie kuku mzima ndani ya hilo friji!"

Watu wakacheka, yeye hakucheka. Aliondoka na boksi lake tupu chini ya kwapa, na alipofika getini alilipiga teke geti. Wengine wawili watatu wakamfuata. Waliobaki walisimamasimama tu, hakuna anayejua kama ni wakati wa kuaga au wa kupewa chai, mpaka Mama Mikate akapiga chafya na kujifuta.

"Basi na mimi niseme," alisema. "Ule mkate wa viazi vitamu haununuliwi. Mume wangu tu ndiye anayeula, na anaula kwa kunionea huruma."

"Si ulisema bado unatafuta soko?" Mwalimu aliuliza.

"Ningesema nini?"

"Mikoba yangu inang'oka zipu," Fundi Cherehani alisema, hakumtazama mtu. "Imerudishwa karibu yote."

"Wale wazee wangu," Kinyozi alisema, "wenyewe hawana nywele. Mimi naenda kupiga soga. Juzi mmoja kanipa mkasi nimkate kucha."

Kicheko kilipasuka mpaka mzee mwenyewe akacheka, kile kicheko cha kifuani cha watu waliozoea kushindana kelele na injini. Mwalimu hakucheka. Alisimama katikati ya ua, na kwa mara ya kwanza hakuwa na pa kwenda, huku amezungukwa na darasa lake. Alidhani amewafundisha kutokata tamaa. Alichowafundisha ni kuficha. Kila mmoja wao alikuwa na friji lake nyumbani, anaketi mbele yake, ananusa, na Jumatatu anakuja kuitikia si mwisho. Aibu ilimpanda mpaka masikio yakawa moto.

"Mwalimu," Kinyozi alisema, "sasa tunaruhusiwa?"

"Kufanya nini?"

"Kusema hapana."

Walikuwa wanamngoja. Alitaka kusema neno kubwa, la kuandikwa ubaoni, na hakulipata.

"Semeni," alisema. "Semeni mapema. Mimi nitajifunza kusikia."

Wakakaa palepale uani, juu ya vikapu na maboksi waliyoyaacha watu, wakaanza kuzitenganisha biashara zao, hii imeviza tuitupe, hii ina uhai tuihamishie taa. Mkate wa viazi ukazikwa kwa kauli moja. Zipu zikaonekana zinaponyeka. Fundi Cherehani alikuwa anatumia uzi wa nguo nyepesi kwenye kitambaa kizito. Kinyozi akaambiwa awaache wazee, akauliza awaage vipi, wamemzoea. Lilikuwa somo refu na lenye kelele, na Mwalimu hakuwa amelipanga.

Watu walipokwisha kuondoka jua lilikuwa bado kali. Mzee alikuwa bombani uani, anayasugua matrei kwa sabuni. Mwalimu alimwendea mbiombio, mkoba begani, simu mkononi, kichwa tayari kina mipango.

"Baba, nimeshafikiria. Taa tunazishusha chini kabisa. Tunatafuta feni ndogo ya kuzungusha hewa, seremala anatoboa tundu leo hii. Mayai nitayatafuta mimi, wapo wanaofuga zaidi ya hawa, wiki ijayo tunawasha—"

"Hapana, mwanangu."

"Hata kama si wiki ijayo."

"Hapana kabisa. Sitaki." Akasuuza trei, akaliegemeza ukutani. "Mimi sipendi kuku. Sikuwahi kuwapenda. Wameniingilia chini ya magurudumu maisha yangu yote, na kila kijiji wananidai kuku."

Woga ulirudi, ukamshika palepale ulipomwachia. Hili ndilo alilokuwa amelikimbia wiki zote hizi, na sasa limesemwa kwa sauti ya kawaida, juu ya maji ya bomba.

"Sasa ulikuja darasani kufanya nini, Baba?"

Mzee aliendelea kusugua. Alisugua pembe ya trei iliyokuwa imekwisha kutakata.

"Wewe hapa nyumbani unanisalimia umesimama," alisema. "Asubuhi shikamoo umesimama, jioni shikamoo umesimama, mguu mmoja uko ndani na mwingine njiani. Nilikuwa nikianza neno, unalimalizia wewe ili uende. Nikasikia kule ukumbini mtu akisema jambo, hata kama unazungukazunguka, unamwacha amalize. Nikasema basi, acha na mimi nijiandikishe."

Maji yalikuwa yanatiririka juu ya matrei, yanaukata ua, yanakwenda kujikusanya miguuni pa Mwalimu. Simu ikalia mkononi. Aliizima bila kuitazama, akaushusha mkoba, akakaa chini kwenye sakafu, pale pale kwenye maji.

"Kuna kijiji kimoja," mzee alisema, "walinidai kuku ambaye hata sikumgonga. Alikuwa jogoo."

"Ikawaje?"

Akaanza kumwambia. Habari yenyewe ilikuwa ndefu, ina milima, ina breki zilizokatika, ina mama yake Mwalimu alipokuwa msichana amesimama kando ya barabara na ndoo. Sketi ya Mwalimu ilikuwa imelowa mpaka kiunoni, na hakuinuka.